Dumu la Nyongeza

Sikilizeni, wazazi wa Karatu, nanyi vijana mliokwisha kupata nyumba zenu. Habari hii ilitokea Buger, katika nyumba ambamo hamkuwa na ulevi, wala ugomvi, wala njaa. Kwa sababu hiyo inawahusu zaidi watu wanaojiona wema.

Asubuhi ya Jumamosi moja, mwezi wa tano mwaka 1998, Felisiani alikuwa ameketi nje, nyuma ya nyumba yake, akimimina chambo. Ukungu ulikuwa haujaondoka mashambani. Mkewe, Hyasinta, alikuwa akipepeta mahindi, na binti yao Sabina, mwanafunzi wa darasa la saba, akisoma jiografia kwa sauti, huku akikosea kwa makusudi ili baba yake amsahihishe.

"Mji mkuu wa Zambia ni Lilongwe."

"Lusaka!" alifoka Felisiani bila kuinua macho.

"Mama, kumbe anasikia! Nilidhani ameshakuwa mnyoo kama hao anaowatengeneza."

Hyasinta alicheka hata ungo ukayumba.

Kazi ya Felisiani ilikuwa ngeni katika nchi yetu. Alipokuwa kijana aliajiriwa Arusha na Mzungu mmoja aliyependa kuvua kwa ndoana, naye akafundishwa kutengeneza chambo cha bandia. Alichonga umbo la mnyoo au la dagaa, akalikandamiza katika plasta mpaka ikakauka na kuacha kalibu. Kisha alichemsha plastiki ya maji, kitu cheupe mithili ya maziwa, ambacho kikipata moto huganda, halafu hulainika na kuwa chepesi kama mafuta. Alitia rangi, akamimina, akasubiri. Kilichotoka kilikuwa laini, chenye mkia unaotikisika majini kana kwamba kina uhai. Baada ya mvua kubwa za El Nino Ziwa Eyasi lilikuwa limejaa, kambare wamekuwa wengi, na wavuvi wa ndoana wa Mang'ola walimngoja Felisiani kama watu wanavyongoja lori la chumvi.

Plastiki hiyo aliinunua Karatu mjini kwa mama mmoja wa Kimachame, jina lake Aikande, aliyeiagiza kutoka kwa watengenezaji wa soli za viatu. Aikande alikuwa na masharti. Uchemshe nje, mahali penye upepo. Sufuria ya kazi hiyo isirudi jikoni kamwe. Na dumu likiisha ulirudishe dukani. Usiporudisha la zamani, hupewi jipya. Dumu lililorudi alilitoboa papo hapo kwa msumari wa moto, matundu matatu kitakoni, mbele ya macho yako.

Ndugu zangu, mnajua dumu ni nini katika nyumba zetu. Ndilo la kuchotea maji, la maziwa, la pombe, la mafuta ya taa. Kuona dumu zima likitobolewa ni kama kuona mtu akimwaga unga barabarani.

Siku moja Felisiani alifika dukani mikono mitupu. Dumu la zamani alikuwa amempa shemeji yake.

"Liko wapi dumu langu, Baba Sabina?" aliuliza Aikande.

"Mama, nipe jipya. Hilo lingine nitaleta."

"Kalilete kwanza."

"Nimetoka Buger kwa miguu!"

"Na utarudi kwa miguu. Huyo uliyempa ataweka nini ndani? Maji ya kunywa? Kamnyang'anye leo hii."

Wateja waliokuwa dukani walicheka. Mmoja akasema, "Mzee, ulitumwa na nani? Rudi ukamwambie mama kwamba dumu limepotea njiani." Felisiani alitoka, masikio yakimwaka moto. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanakwaya, mjumbe wa kamati ya shule, asiyedaiwa na mtu. Lakini hakuweza kuvumilia kuchekwa.

Ndipo alipokutana na Edgar. Huyu alikuwa kijana wa mjini, mwenye miwani ya jua na gari dogo la mizigo, akizunguka kati ya Karatu na Mang'ola akiuza pembejeo, betri, kamba na chochote kilichoulizwa.

"Bosi wangu, plastiki ya maji? Ipo! Tena mimi sina makuu kama yule mama. Kila ukinunua dumu moja lililojaa, nakupa na jingine tupu, nyongeza. Kampelekee mama watoto."

"Inatoka wapi plastiki yako?"

"Ah, mzee! Wewe ukila ugali unauliza mahindi yalilimwa na nani?"

Felisiani alicheka. Hakuuliza tena.

Madumu ya nyongeza yalikuwa ya buluu, magumu, yenye mfuniko wa kukaza. Ubavuni palikuwa na mahali palipokwaruzwa kwa kisu. Felisiani aliyapeleka nyumbani kwa fahari. Moja aliliacha kwake, jingine akampa Marsela, mjane mzee aliyekuwa jirani yake, na la tatu akampelekea katekista.

Mwezi wa sita alishuka Mang'ola kupeleka chambo. Akipita kando ya mashamba ya vitunguu aliona vibarua wakinyunyiza dawa, vitambaa vimefunga nyuso zao. Ukingoni mwa mfereji palikuwa na madumu tupu yamerundikwa. Yalikuwa ya buluu, magumu, yenye mfuniko wa kukaza, na ubavuni mwa kila moja palikuwa na picha ya fuvu jekundu la kichwa, alama ya sumu. Felisiani alisimama akayatazama kwa muda mrefu. Kisha akajiambia kwamba viwanda ni vingi na rangi ya buluu si ya mtu mmoja. Akaendelea na safari.

Hapo, msomaji, ndipo nyumba yake ilipovunjika, ingawa bati lilikuwa bado juu.

Mwezi wa saba maharage yalikomaa, na majirani wakapanga siku ya kumsaidia Felisiani kung'oa, kama alivyowasaidia wao. Hyasinta na Marsela walipika togwa siku mbili. Kibuyu kikubwa kilikuwa kimepasuka, na shamba lilikuwa mbali.

"Tia katika dumu langu la buluu," alisema Felisiani.

Hyasinta alifungua mfuniko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Linanuka, Baba Sabina."

"Linanuka upya."

"Nimeliosha kwa majivu, nimeliosha kwa mchanga, nimelianika jua la siku mbili. Bado linanuka. Mbona nisiazime ndoo kwa Mama Naomi?"

"Uazime ndoo, wakati mumeo ameleta dumu? Unataka niambiwe hata chombo cha kuwanywesha watu sina?"

Hyasinta alimimina. Togwa ililala katika dumu usiku kucha.

Saa nne asubuhi watu kumi na wanane waliketi ukingoni mwa shamba kupumzika. Kwetu, kama mjuavyo, mwenye nyumba hunywa kwanza mbele ya wageni, tena hunywa kikombe kizima, ili kila mmoja aone kwamba kilichomo ni salama. Hyasinta alimimina, akasimama, akainua kikombe.

"Kunywa, mke wetu, tuone kama unatupenda!" alitania mzee mmoja. "Usituachie sisi tufe peke yetu."

Watu wakacheka. Hyasinta alikunywa funda la kwanza, akasita. Akamtazama mumewe juu ya ukingo wa kikombe. Felisiani aliyaona macho yale, akaelewa yanauliza nini. Kulikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu: acha. Lakini wageni wote walikuwa wakitazama. Yeye akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayesema endelea.

Hyasinta alikunywa mpaka mwisho, akapindua kikombe kuonyesha kwamba kimekwisha, akaanza kuwapitishia wengine. Mzee yule mtani alionja, akatema. "Hii togwa ina nini?" Wengine wawili walikuwa wameshapiga funda moja moja, nao walitema. Kabla neno halijazunguka, Hyasinta aliketi chini ghafla. Jasho lilimtoka kama aliyemwagiwa maji, mate yakamjaa kinywani, mikono ikaanza kutetemeka. Akatapika.

Walimbeba kwa kitanda cha kamba hadi zahanati, mwendo wa saa nzima. Nyuma yao minong'ono ilikuwa imekwisha kuanza. "Togwa ilipikwa na nani? Si Marsela?" "Mjane yule alimzika mumewe, akamzika na mwanawe. Leo yupo jikoni kwa watu." Felisiani aliisikia minong'ono hiyo. Hakuikanusha.

Tabibu wa zahanati, kijana makini aitwaye Julius, alimfunua mgonjwa macho akayamulika kwa tochi. Akainua uso.

"Mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Amekunywa nini?"

"Togwa," alijibu Felisiani.

"Katika chombo gani?"

Mlangoni walikuwa wamejaa majirani. Mjumbe wa nyumba kumi alikuwepo, katekista alikuwepo, na mzee wa utani alikuwepo, amejishika tumbo. Felisiani aliwatazama.

"Kibuyu," alisema.

"Mzee wangu, nisikilize vizuri. Hii inafanana na sumu ya shambani. Je, amegusa dawa ya vitunguu? Amevaa nguo ya mtu aliyenyunyiza? Nina chupa chache za sindano ya kuzuia sumu hiyo, lakini kumpa asiyekuwa nayo ni kumwua. Niambie kweli."

"Sisi hatulimi vitunguu, daktari. Sisi ni watu wa maharage na ngano."

Na hilo, ndugu zangu, lilikuwa kweli tupu. Hakuna uongo ulio mbaya kama ule uliojengwa kwa maneno ya kweli.

Tabibu alisita. Akamtundikia dripu, akamlaza ubavu, akamfuta mate, akapima damu kuona kama ni malaria. Dakika zikapita, kisha nusu saa. Felisiani alishika mkono wa mkewe, nao ulikuwa ukiruka-ruka kama samaki aliyetolewa majini. Mara tatu alifungua kinywa. Mara tatu aliwaona watu mlangoni, akakifunga. Alijiambia kwamba dripu itatosha.

Ndipo umati ulipogawanyika. Marsela aliingia, mwanamke wa miaka sabini, vumbi mpaka magotini, na kichwani amebeba dumu la buluu. Alikuwa amekuja peke yake, nyuma ya wote, kwa kuwa hakuna aliyetaka kutembea naye. Alilishusha miguuni pa tabibu.

"Wanasema nimetia sumu," alisema akihema. "Basi nimeleta mliyokunywa na chombo chake. Kipimeni. Kama ni mimi, nifungeni."

Tabibu alifungua mfuniko, akanusa mara moja tu. Akageuza ubavu wa dumu kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya mikwaruzo ya kisu palibaki nusu ya fuvu jekundu: tundu moja la jicho na meno.

Alikimbilia kabati. Alichoma sindano ya kwanza, akasubiri, akachoma ya pili. Alipokuwa akivuta ya tatu alimwuliza Felisiani bila kumtazama, "Kwa nini hukuniambia?"

Felisiani aligeuza ubavu wa dumu wenye fuvu, ukaelekea ukutani.

Hyasinta alifariki saa nane mchana, kifua kimejaa maji. Sabina alifika dakika chache baadaye akiwa na sare ya shule, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake baba yake hakuwa na la kumsahihisha.

Siku ya mazishi, kabla ya udongo kurudishwa, Felisiani aliomba kusema. Alivua kofia. "Marsela hana kosa. Dumu nililileta mimi. Nililiona fuvu lake Mang'ola, nikapita. Mke wangu aliniuliza kwa macho, nikamwambia anywe. Tabibu aliniuliza kwa mdomo, nikamwambia kibuyu." Kisha akapiga magoti mbele ya mjane yule. "Inuka, mwanangu," alisema Marsela. "Watoto wanaona." Lakini hakumpa mkono.

Edgar hakuonekana tena Karatu. Polisi walichukua maelezo, wakaulizia namba ya gari, hakuna aliyeijua.

Siku ya tatu Felisiani alipita nyumba kwa nyumba akikusanya madumu, hata lile la Aikande alilokuwa amempa shemeji yake. Kwa katekista alilikuta limejaa maziwa kwa mara ya kwanza, maana huko walidhani ni dumu la Felisiani tu lililokuwa na sumu; yalikuwa yakingoja watoto warudi kutoka shule. Aliyamwaga mwenyewe. Kwa Marsela alilikuta juu ya dari, halijatumiwa. "Lilinuka," alisema yule mama. "Niliogopa kukukatalia zawadi."

Akayafunga kwa kamba, akatembea nayo hadi Karatu, yakigongana mgongoni. Aikande alimwona tangu mbali. Safari hii dukani hakuna aliyecheka. Mama yule aliweka msumari katika makaa mpaka ukawa mwekundu, akamkabidhi koleo. Felisiani alitoboa matundu matatu katika kila kitako, polepole, moshi ukimwingia machoni. Hakununua kitu. Hakumimina chambo tena maishani mwake.

FUNZO

Mtu huyu alikuwa fundi wa chambo. Alijua kuliko sisi sote jinsi kiumbe anavyomeza kitu kwa sababu kinapendeza, bila kuuliza kilikotoka. Hata hivyo alimeza.

Mnapochagua wa kununua kwake kitu cha hatari, msimchague anayewachekea na kuwapa nyongeza. Mchagueni anayewasumbua: anayeeleza, anayekataza, anayedai chombo chake kirudi. Chombo kilichobeba sumu kitobolewe na kufukiwa, hata kama ni kizima, hata kama mnakihitaji.

Nanyi akina baba, shikeni neno hili la mwisho kuliko yote. Kosa la kwanza la Felisiani lilikuwa la kununua, na kwa hilo angeweza kusamehewa. Dumu lilimtia mkewe sumu; aliyemnyima dawa ni mumewe, kwa nusu saa ya kulinda heshima yake mbele ya watu waliosimama mlangoni. Tabibu akikuuliza, jibu. Jibu upesi, jibu yote, hata kijiji kizima kikiwa kinasikiliza.