Karibu ya Mdomoni

Mmenisumbua na jambo hili mpaka nimechoka. Kila anayeingia hapa, "Bibi, tusimulie ya kule safarini." Mtu hawezi kunywa chai yake akatulia. Haya, leo naandika, na mwandiko wangu mtauvumilia. Darasani sikukaa, jikoni ndiko nilikokaa. Nikimaliza asiniulize mtu tena.

Mwanangu na mumewe walinipeleka kutalii ng'ambo. Huyo mkwe wangu tunamwita Kasuku, maana mdomo wake haujui kupumzika. Si mtu mbaya. Ila ana tabia ya kukaribisha watu asiotaka waje. Akimwona fundi viatu barabarani, "Karibu nyumbani tule, bwana." Akikutana na mtu asiyemjua hata kwa sura, "Karibu sana, nyumba ni yako." Fundi akija kweli, Kasuku anajificha chooni na mkewe anatumwa mlangoni kusema hayupo.

Nilikuwa namwambia, karibu ya mdomoni ipo siku itaota miguu. Anacheka.

Tulianza na mji mkuu. Majengo marefu, sanamu za watu waliopanda farasi, ngazi zisizo na mwisho. Nikaona, nikachoka. Kisha basi la watalii likapanda milimani, kwenye vijiji vya mawe vilivyong'ang'ania mteremko kama viota vya mbayuwayu. Mjukuu wangu Sisimizi, mdogo kama jina lake, alikaa kiti cha mbele yangu. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Mwenye kiti aliumwa tumbo akabaki mjini.

Jua lilipokaribia kuzama basi likasimama kwenye kijiji kimoja ili watu wapige picha. Mimi sikuwa na haja ya picha. Nilitaka maji ya kumezea dawa yangu ya presha. Nikashuka na Kasuku na mtoto kutafuta duka.

Hapakuwa na duka.

Milango ilikuwa imepigiliwa mbao. Hakuna kuku, hakuna mbwa, hakuna mtoto analia. Palikuwa na harufu tu... harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji.

Nje ya nyumba ya mwisho aliketi mwanamke mzee juu ya kigoda. Amevaa sufu nzito nyeusi, mikono juu ya magoti, anatazama barabara. Nikatazama nyumba aliyoiegemea. Haikuwa na paa. Ndani yake mti ulikuwa umeota na kukomaa.

"Usimsemeshe," nikanong'ona.

"Mama naye. Bibi wa watu anapunga upepo." Kasuku akainua mkono. "Shikamoo, bibi. Unakaa peke yako kwenye baridi hii? Karibu, twende wote tukaone bahari. Kiti kipo."

"Baba, kwani anajua lugha yetu?"

"Hajui. Ndiyo maana namkaribisha."

Yule mzee akageuza shingo. Taratibu... kama mlango wa bawaba zenye kutu. Niliisikia ile shingo kutoka ng'ambo ya barabara.

Akatabasamu.

Dawa niliimeza kwa mate. Nilipogeuka mara ya mwisho, kigoda kilikuwa kitupu.

Basi likaondoka. Ile harufu ya majivu ilikuwa ndani. Dereva alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Mimi nilikuwa natazama kile kiti kando ya Sisimizi. Kilikuwa kimebonyea katikati.

"Sisimizi, njoo kwa bibi."

"Siwezi. Bibi huyu kanishika mkono."

"Bibi gani?"

"Huyu aliyekaribishwa na baba."

Nikamvuta kwa nguvu zangu zote za uzeeni. Mkono wake ulikuwa baridi kama bomba la maji alfajiri. Nikampakata njia nzima. Na Kasuku, kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu, alinyamaza.

Tukalala hoteli ya ghubani. Walisema ghuba ile watu hutoka mbali kuja kuiona. Kulipokucha, mimi niliona ukungu na maji, na mlango wa chumba cha wenzangu uko wazi.

Mtoto alikuwa majini.

Alikuwa anatembea kuelekea kilindini, taratibu, mkono mmoja umeinuliwa juu. Ndivyo mtoto anavyotembea akiwa ameshikwa na mtu mzima. Mchangani kulikuwa na nyayo zake. Kando yake kulikuwa na nyingine, pana, zisizo na vidole.

Mwanangu alikwisha kumfikia. Amemkumbatia kiunoni, anamvuta, hasogei.

"Simwezi, mama! Mzito!"

Mtoto tunayembeba kwa mkono mmoja.

Kule ugenini ningempata wapi mganga? Nilikuwa na jambo moja tu nililofunzwa na mama yangu: mgeni hafukuzwi na jirani. Huondoka akisindikizwa na aliyemkaribisha.

"Wewe ndiye mwenyeji wake," nikamwambia Kasuku aliyesimama mchangani. "Msindikize."

"Mama, mimi nilikuwa natania."

"Yeye hakutania. Amekuja."

"Nimsindikize mpaka wapi?"

"Ulikomtoa."

Maji yalikuwa kifuani mwa mtoto. Kasuku akamtazama binti yake. Akaingia majini meno yakigongana, akaunyoosha mkono kwenye ukungu mtupu.

"Bibi... bahari umeiona. Twende nikusindikize."

Mkono wake ukashuka ghafla, kama umetundikiwa mzigo. Sisimizi akamwangukia mama yake, akaanza kulia. Sijawahi kukipenda kilio kama kile.

Kasuku akashika barabara ya mlimani, mkono mmoja ukiwa mbali na mwili. Hakugeuka.

Alitukuta tumesharudi nyumbani kitambo. Nguo zake zilinuka majivu mabichi. Nikamwuliza mara moja tu.

"Tulifika mlangoni kwake," akasema. "Nikamuaga."

"Naye?"

"Akaniambia karibu, mama. Kwa lugha yetu. Ningekataaje?"

Alichokikuta ndani hajakisema.

Tangu hapo, kila jua likizama, Kasuku hutoa kigoda, akaketi nje ya mlango wake mikono juu ya magoti, akatazama barabara. Giza likishika ndipo hurudi kuwa mtu wetu. Anasubiri kukaribishwa. Na atakayemkaribisha saa ile... kitakachoinuka pale kumfuata, sijui kama kitakuwa mkwe wangu. Kwa hiyo neno lile tumelipiga marufuku nyumbani.

Sisimizi ni msichana mkubwa sasa. Jioni akipakua chakula hupita na sahani mbele ya baba yake, macho chini, kama anapita gogo.

Jana nilimsikia Kasuku akinong'ona. Sauti ilikuwa yake. Harufu haikuwa yake.

"Mwanangu... hata wewe hunikaribishi?"

Binti akauma mdomo. Akaingia ndani, akafunga mlango.