Simu Inayojipokea

Kutoka duka la Kitale, Chemutai alipiga simu duka la Bungoma kuuliza kama diski za jembe la trekta zimefika, na kabla Peris hajamjibu akasikia mtu akicheka upande ule. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, kilichoishia kwenye kikohozi. Alikitambua mara moja. Kilikuwa chake. Ila yeye hakuwa amecheka. Hakuwa amecheka tangu Aprili, walipomzika mama yake kijijini kwao Cheptais, mlimani.

"Peris, nani huyo anacheka?"

"Nani tena? Niko peke yangu hapa, dada. Mvua imefukuza watu wote. Lakini wewe leo nakusikia mala mbili. Ati hiyo sauti ya pili inakuja kama mtu ameingia ndani ya mtungi."

"Ni mtandao."

"Haya. Mtandao."

Mtandao ndio ulikuwa jibu la kila kitu pale dukani tangu Januari. Amandeep Singh alirithi maduka mawili ya vipuri vya trekta, moja Kitale na jingine Bungoma, kutoka kwa baba aliyefanya biashara maisha yake yote kwa simu ya waya na koo lenye nguvu. Amandeep yeye alihudhuria semina Nairobi, akala chakula cha hoteli, akarudi na neno "ufanisi" likimtoka kama kwikwi. Simu za waya zikang'olewa. Kila meza ikapewa simu ya mtandao, yenye kioo kidogo na vibonye vingi kuliko kazi. Na kwa kuwa mtoa semina alikuwa amesema mteja hapendi kungoja, Amandeep aliagiza simu zote zijipokee zenyewe: zinalia mara moja, zinafanya "ti", spika inafunguka.

"Mteja asingoje, bana," alisema. "Akipiga tu, tuko."

Chemutai hakuupenda mpango huo, na sababu yake ilimwaibisha. Mama yake alimlea kwa sharti moja ambalo huko mlimani kila mtoto hupewa kabla hajatumwa kuni: ukisikia jina lako linaitwa na humwoni anayekuita, nyamaza. Binadamu huita tena. Kile kingine huita mara moja tu, kikiitikiwa kimepata mlango. Chuo kikuu aliwasimulia wenzake sharti hilo, wakacheka, naye akacheka nao kwa bidii ya mtu anayelipia kiingilio. Na juma lile la kwanza la simu mpya akamsimulia Peris pia, neno kwa neno, kwenye simu hiyo hiyo. Wakacheka wote wawili.

Kumbe ndicho kicheko kilichorudi.

Angeweza kukisahau. Lakini simu ile ndiyo pia iliyompokonya mama. Siku ya mwisho Amandeep alimruhusu atumie simu ya duka, kwa vile mtandao hauhesabu dakika, na kaka yake Kipketer akamwekea mgonjwa simu sikioni. Mama na binti hawakuwa wakielewana sana. Mitamba iliuzwa ili Chemutai asome, na Chemutai akasoma, akavaa joho, akapigwa picha, akaja kuuza nati na bolti. Mama hakuwahi kusema kwamba ilikuwa hasara. Hakuwahi pia kusema kwamba haikuwa.

"Chemutai," sauti ilikuja, nyembamba lakini ya kuamrisha kama kawaida yake. "Sikiliza, sitarudia. Mimi na wewe, siku zote..."

Kisha hakuna. Ukabaki mvumo laini, kama manyunyu yakigusa nyasi za mbali. Chemutai alidhani ni pumzi za mama. Akaukumbatia mvumo ule, akawa anauambia, "Nasikia, Mama. Sema. Nasikia." Aliusikiliza mpaka Kipketer alipompigia kwa simu yake kumwambia yamekwisha, na kwamba yeye hakusikia maneno ya mwisho, alikuwa ametoka nje kununua soda.

Siku zote nini? Hilo ndilo alilokuwa akilitafuna tangu Aprili, mchana na usiku, kama mfupa usio na nyama.

Kimotho, fundi wa simu hizo, alipokuja kuangalia ule mwangwi, Chemutai alimuuliza mambo yanavyokwenda ndani ya mashine. Fundi akafurahi kuulizwa. Alichukua gunzi la mahindi lililobaki kwenye sahani ya mchana.

"Sauti yako ni hindi," alisema. "Simu ya waya ilikuwa inalisafirisha zima. Hii inapukuchua. Kila punje inaandikwa nambari na anwani, inatupwa barabarani. Ingine inapitia Kiminini, ingine inaenda kuzunguka huko Suam, haijalishi. Zikifika Bungoma, mashine ya huko inazipanga kwa nambari, inakurudishia hindi. Yote hiyo kabla hujapepesa jicho."

"Na punje ikichelewa?"

"Inatupwa. Maongezi hayangoji mtu."

"Si kutabaki pengo?"

"Mashine haipendi pengo. Inachukua ile punje ya mwisho iliyofika, inairudia hapo, polepole ikififia, ndiyo sikio lisijue. Inakisia, madam. Inadanganya kwa nia njema."

Chemutai alitazama gunzi. "Na ule mvumo? Mtu akinyamaza?"

"Ah, huo hautoki kwake. Kimya hakisafirishwi, ni kujaza barabara bure. Mvumo unatengenezwa hapa, ndani ya simu yako. Ukisikia kimya kabisa utafikiri mwenzako amekufa, kwa hivyo inakupigia kelele kidogo ikutulize." Akatabasamu. "Wazungu ni watu wa ajabu, si ndiyo?"

Kumbe Aprili Chemutai alikuwa ameuaga mvumo wa mashine, na mama akafa pembeni bila kuagwa.

Mchana uliofuata, Amandeep akiwa benki na mvua ikipiga mabati hata huwezi kusikia gari likipita, simu ya mezani ililia mara moja, ikafanya "ti", ikajifungua. Kioo hakikuonyesha nambari. Kwanza ulikuja mvumo, ule ule wa manyunyu. Kisha ikaja harufu, na harufu haina njia ya kupita kwenye waya: masizi ya kibuyu cha maziwa ya mursik, majivu na maziwa yaliyolala, harufu ya jiko la Cheptais.

"Chemutai."

Ilikuwa sauti ya mama, lakini imeshonwa. Kila silabi ilikuwa imetoka siku yake, moja ya hasira, moja ya usingizi, moja ya kanisani.

"Nani?" akanong'ona, na papo hapo akajua ameitikia.

"Ninayo."

"Una nini?"

"Yaliyotupwa. Yote. Ongea, nikupe."

Na Chemutai, mwenye shahada yake ukutani, akaongea. Aliongea siku hiyo na siku zilizofuata, kila duka lilipotulia, akiipa ile sauti habari za utoto na majina ya ng'ombe na ugomvi wa mitamba, na kila alipomaliza iliahidi kwamba neno linakuja, liko karibu, liko Kamukuywa, linapanda kilima, na kila alipotoka pale alikuta kitu kimepungua kinywani mwake, hata akienda kununua mkate neno linakatika katikati na nusu yake haitoki, si kwa kigugumizi bali kwa pengo safi, kama jino lililong'olewa, huku Bungoma Peris akipokea simu zenye sauti ya Chemutai zikiagiza vitu ambavyo hakuna trekta inayovihitaji: nywele, kucha, kitanda cha mtu mmoja.

"Dada," Peris alimpigia kwa simu yake ya mkononi, akinong'ona kama mtu aliyejificha chini ya meza, na kumbe ndipo alipokuwa. "Saa hii uko wapi?"

"Soko... ni."

"Basi mbona unaongea na mimi hapa kwa spika? Unaniimbia, dada. Haki ya Mungu unaniimbia."

Peris ndiye aliyemtafuta Maalim Barasa wa Bumula, aliyesifika kwa kufukuza majini. Maalim alikuwa mtu wa kisasa. Kitale hakwenda, mvua, alisema, na siku hizi kazi kama hiyo anaifanya kwa mtandao, tena ana wateja mpaka Dubai. Amandeep alikubali upesi, maana wateja walishaanza kunong'ona. Udi ukafukizwa pande zote mbili, maalim akaketi duka la Bungoma, na hapa Kitale wakaizunguka spika kama wanaosikiliza matokeo ya kura.

Alianza kwa sauti nene, nzuri. Kisomo kikaja kimetoboka kama chandarua kuukuu, kipande kipo, kipande hakipo, na Amandeep akamtazama Kimotho kwa jicho baya. Halafu matundu yakaanza kujazika. Sauti ikashikana, ikawa moja, nene, laini, isiyokohoa wala kuvuta pumzi, ikasoma na kusoma bila kupumzika huku udi ukizidiwa na harufu ya masizi, na Amandeep akanong'ona, "Umeona? Inafanya kazi!"

Simu ya mkononi ya Chemutai ikatetemeka. Alikuwa maalim. Alizungumza chini kwa chini, na ule unene wote umemtoka.

"Binti yangu, mimi nimeacha kusoma kitambo. Niko nje, barabarani. Anayesoma hapo ni nani?"

Amandeep alikuwa wa kwanza kufika mlangoni. Kimotho alikuwa wa pili. Chemutai alibaki, si kwa ushujaa. Alibaki kwa sababu alikuwa na deni lake la kudai.

"Nimekupa kila kitu," aliiambia spika, akisukuma kila neno kama gari lililokwama. "Sasa nipe lan... langu. Siku zote nini?"

Kisomo kikakoma. Mvumo. Kisha sauti ya mama, tamu kuliko alivyowahi kuwa mama:

"Mimi na wewe, siku zote... siku zote... zote... ote..."

Ilififia polepole, ndiyo sikio lisijue.

Chemutai akalikumbuka gunzi la Kimotho. Haikuwa na kitu. Haikuwahi kuwa na kitu. Ilikuwa imeishika punje ile ile ya mwisho aliyokuwa nayo yeye mwenyewe, ikairudia juu ya pengo. Jini zima, na harufu yake na vitisho vyake, lakini limejaa hewa kama mtoa semina. Hasira ikampanda, na hasira ilikuwa na joto kuliko hofu. Akabonyeza vile vibonye mpaka akapata panaposema simu ijipokee, akazima. Kisha akampigia Peris kwa simu ya mkononi, naye akazima za Bungoma.

Kuanzia siku hiyo duka likawa na sharti: simu ikilia, isiguswe, ikikatika na kulia tena, ipokewe.

"Tutapoteza wateja," Amandeep alilalamika, akiwa bado anasimama karibu na mlango.

"Mteja wa kweli ataita tena, bosi."

Walikuwa wakiita tena, wakitukana. Ile simu isiyo na nambari ililia kila mchana mara moja, ikanyamaza. Sauti ya Chemutai ikarudi kidogo kidogo, mpaka akaweza kununua mkate bila kuonyesha kwa kidole. Hakulipata neno la mama. Alianza kuzoea kwamba hatalipata, kama mtu anavyozoea chumba kisicho na dirisha.

Ijumaa moja, mvua ikiwa imeanuka kidogo, simu ililia. Kioo kitupu. Chemutai aliendelea kupanga bolti. Ikanyamaza, na yeye akacheka, kicheko kifupi, cha puani, kilichoishia kwenye kikohozi. Cha kwanza tangu Aprili.

Binadamu huita tena.

Ndipo bolti zikamponyoka. Alikumbuka ni wapi aliyasema hayo, Januari, kwenye simu hii hii, neno kwa neno, na nani mwingine alikuwa akisikiliza. Harufu ya masizi ilikuwa imeshafika mezani.

Simu ikalia tena.

Akili yake yote ilisema hapana, na mtu yeyote mwenye akili angekwenda zake. Lakini simu ilikuwa imeita mara ya pili, kama mama alivyofundisha, na mkono wake, ambao haukusoma chuo chochote, ulikuwa tayari umeiinua.

"Mama?" alisema. "Nasikia. Sema."