Waya Alioung'oa Eya

Kila asubuhi ya kiangazi Eya alimsaidia mjomba wake, Mondher, kufungua duka la intaneti mtaani kwao, mjini Sfax. Alifagia, akapangusa vioo vya kompyuta, kisha akaichungulia seva pale konani, ikinguruma kama paka aliyeshiba. Kazi ya mashine hiyo ilikuwa kukumbuka anwani za tovuti. Ukitaja jina la tovuti, yenyewe inajua inakaa wapi, inakupeleka.

"Gusa vyote, ila waya huu wa umeme wa seva usiuguse," mjomba alizoea kusema.

Siku ile joto lilizidi. Mjomba alipotoka kununua mkate, Eya aliung'oa waya, akachomeka feni. Dakika moja tu! Aliposikia viatu vya mjomba, aliurudisha upesi, akashika ufagio.

Saa nne duka likajaa. Matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari yalikuwa yametoka. Yosra, dada yake Eya, alikaa mbele ya kompyuta. Nyuma yake jirani yao, Bi Zohra, alikumbatia chupa mbili za sharubati.

"Andika namba, mwanangu! Vigelegele vinaniwasha kooni!"

Yosra akaandika. Kioo kikajibu: HAKUFAULU.

Chupa moja ilimponyoka Bi Zohra, ikapasuka sakafuni. Hakuna aliyeinama.

"Na mimi pia?" Ghassen, wa kwanza darasani kwa kina Yosra, aliruka kutoka kitini kwenye kompyuta ya pili. "Mimi ninayewafundisha hesabu?"

Mondher akasogeza uso kwenye kioo. "Hebu! Huu ni ukurasa wa mwaka jana. Namba hizi zilikuwa za watu wengine. Tovuti ilihama mwezi uliopita, na jana seva ilijua anwani mpya. Leo imepatwa na nini?"

"Labda umeme ulikatika," akasema Bi Zohra.

Eya akaganda. Mlango wa kuponea huo hapo, wazi kabisa. Lakini Yosra, ambaye hata hakusikia maneno ya mjomba, alikuwa akijifuta machozi kwa mkono wa nguo. "Nitamwambia nini mama?"

"Ni mimi, mjomba!" Eya alitokwa na maneno. "Niliung'oa waya nikawasha feni."

Duka zima likamgeukia. Mondher alimkazia macho, kisha akavuta kibodi.

"Seva ilizimika ikiwa katikati ya kuandika. Kumbukumbu yake imevurugika, ndiyo maana inatuelekeza kwenye nyumba iliyohamwa. Usingesema, ningehangaika na laini ya simu hadi jioni."

Akaifuta kumbukumbu ile mbovu yote, akaiacha seva iulize anwani upya. Yosra akaandika namba tena, jicho moja amelifumba.

AMEFAULU. VIZURI SANA.

Vigelegele vya Bi Zohra vilitikisa madirisha. "Chupa imebaki moja, mtakunywa kwa kijiko!"

Eya alichukua tambara akaanza kupangusa sharubati iliyonata. Mjomba akachuchumaa kando yake, akiokota vipande vya chupa.

"Seva ilitudanganya bila kujua, Eya. Wewe ulijua, ukashika ufagio. Kosa likitajwa mapema, hurekebishwa na aliyelifanya. Likifichwa, humliza asiyehusika."

"Nisamehe, mjomba."

"Mimi nimekusamehe. Kamwambie dada yako."

Eya akaweka tambara chini, akaenda.