Ndege Chini ya Mkeka wa Sumaku

Jumamosi, tarehe 14 Novemba 2009, saa tatu na robo asubuhi, manyunyu yalikuwa yakiangukia mji wa Batley, Uingereza. Jikoni kwake, Avril Sugden alikuwa akiharibu kadi nyingine.

Alikuwa ameahidi kadi za Krismasi kwa soko la hisani la kanisa, Jumamosi inayofuata. Mapato yangekwenda kwenye nyumba ya kuuguzia wagonjwa wasiopona. Huko ndiko mumewe alikofia. Ahadi hiyo Avril hakutaka kuivunja. Lakini mashine yake ya kukatia maumbo ya karatasi ilikuwa imefungiwa kabatini miaka mitatu, tangu mumewe alipougua. Sasa, kila alipozungusha mkono wa mashine, roli zililia, bamba la plastiki lilipinda, na karatasi ya manila ilikatika upande mmoja tu.

"Ipige teke, Mama," binti yake Janice alitania.

"Nitaanza na wewe."

"Basi nimwite Bi Enid. Hakuna anayeijua mashine hii kama yeye."

Uso wa Avril ulikunjamana. "Mwizi haingii jikoni mwangu."

Miaka mitatu nyuma, kikundi cha kadi cha kanisa kilipoteza kikatio chake kizuri kuliko vyote. Kilikuwa bamba jembamba la chuma, lenye makali yaliyofuata umbo la ndege. Avril, kiongozi wa kikundi na mwenye mashine waliyoitumia, alisimama mbele ya wanawake wote akamtaja jirani na rafiki yake, Enid Crabtree. Ushahidi hakuwa nao. Enid alivaa koti lake, akatoka, na hakurudi tena kanisani. Mama yake mzee, aliyekuwa akienda huko kwa kushikwa mkono naye, alikoma pia. Alikufa mwaka uliofuata, na hakuna hata mmoja wa kikundi aliyekuja kumzika.

Janice hakumsikiliza mama yake. Alikwenda nyumba ya pili akabisha hodi. Punde Enid aliingia, koti likiwa na matone ya mvua. Hakuketi.

"Nimekuja kwa ajili ya wagonjwa, Bi Sugden. Nionyeshe unavyopanga."

Zamani alimwita Avril tu. Avril alipanga kikatio, karatasi, bamba na mkeka mwembamba wa sumaku unaoshika kikatio kisiteleze.

"Hapo umekosea," Enid alisema. "Mkeka wa sumaku unakaa chini. Kikatio juu yake, makali yakitazama juu. Kisha karatasi. Bamba la plastiki mwisho. Makali yasipoigusa karatasi, utakata nini? Na mkono ukikaza, urudishe nyuma. Anayelazimisha huvunja."

"Unanisema mimi?"

"Naisema mashine."

Enid aliokota kadi moja iliyoharibika, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Avril alikuwa amekata nyota. Kando ya nyota kulikuwa na alama hafifu ya ndege, iliyotuna kidogo.

"Huyu ndege ametoka wapi?"

"Sijui. Yuko kwenye kila kadi."

Enid alipitisha kidole juu ya mkeka wa sumaku. Kidole kilisimama. Akaugeuza mkeka. Kikatio cha ndege kilikuwa kimenata mgongoni mwake.

Janice aliziba mdomo. Avril alishika ukingo wa meza.

"Ndiyo maana unene uliopita kwenye roli ulizidi," Enid alisema, bila kupandisha sauti. "Sumaku hunasa chuma pande zote mbili. Kila umalizapo kazi, geuza mkeka uutazame, kisha rudisha kila kikatio katika bahasha yake. Ni kazi ndogo. Ungeifanya siku ile."

"Enid, rafiki yangu, nisamehe."

"Hapa? Siku ile ukumbi ulijaa. Leo anakusikia nani, birika?"

Kisha akamaliza somo. Alipanga vitu kwa utaratibu, akazungusha mkono polepole, na ndege akatoka mzima, kila unyoya mahali pake. Chai ilipomiminwa, alikwisha kuondoka.

Avril alikata kadi wiki nzima kama alivyofundishwa. Hakuharibu tena bamba wala karatasi. Kila jioni aliugeuza mkeka.

Jumamosi, sokoni katika ukumbi wa kanisa, kadi zake zilinunuliwa zote isipokuwa moja aliyoiweka kando. Enid alisimama karibu na mlango. Janice alikuwa amemsihi aje. Avril alikwenda mbele ya ukumbi, akainua kikatio cha ndege.

"Hiki hakikuibwa. Kilikuwa kwenye mashine yangu. Nilimwita Enid Crabtree mwizi mbele yenu, kabla ya kutazama vyombo vyangu mwenyewe. Enid hakuiba. Mkosaji ni mimi."

Avril alitembea hadi mlangoni, akampa Enid kadi ya ndege.

"Nikuwekee chai, Enid? Na kipande cha keki, kama zamani?"

Enid aliitazama kadi. "Imekatwa vizuri," alisema. Akatia pauni moja katika kopo la mchango wa wagonjwa, asije akaambiwa ameipata bure.

"Deni langu umelilipa, Bi Sugden. La mama yangu huwezi kulilipa tena."

Akafunga vifungo vya koti, akatoka mvuani.