Maji ya Mkwe

Upepo uliwakuta katikati ya uwanda, mahali pasipo hata na jiwe la kujikinga. Dadi aliuona ukija kama ukuta mwekundu. Akamlaza ngamia wake, akajibanza nyuma ya tumbo lake na kuficha uso ndani ya shuka. Ulipopita, alijikung'uta mchanga masikioni akatazama. Ngamia wa mizigo hayupo. Ameondoka na tende na viriba vyote vya maji, isipokuwa kimoja kilichofungwa kwenye tandiko la Dadi.

Mbali kidogo alisimama Sugi, mume wa bintiye, amempa mgongo.

Miaka ile jangwa lilikuwa moja. Mtu alivuna tende zake Jado, akaoza binti Tibesti, akaenda kumzika shangazi Gatruni, na hakuna aliyemuuliza kama amevuka Nijeri, Chadi au Libya. Dadi alikuwa anakwenda Tibesti kumpakata mjukuu wake wa kwanza. Mkwe alikuja kumchukua, na kaka yake Dadi akafuatana nao ili awe mdomo kati yao, maana kwa Watubu, watu wao wa jangwani, mwanamume hasemi na mama mkwe wake, hali wala hanywi mbele yake, wala hamwonyeshi uso. Lakini kaka alishikwa na homa kwenye kisima cha kwanza, akabaki hapo.

"Nendeni tu," alisema, akicheka huku anatetemeka. "Mtasemeshana na ngamia."

Basi wakasemeshana na ngamia.

"Wewe ngamia," Dadi aliita, "muulize huyo wa mbele kama anajua tulipo."

Sugi akamgeukia ngamia wake. "Mwambie mama tumepotea kidogo."

"Kidogo! Umesikia, ngamia? Mtu kapoteza jangwa zima, anasema kidogo."

Mabega ya Sugi yakatikisika. Alikuwa anacheka, na Dadi akampenda kwa kicheko kile.

Vumbi lilikuwa limeficha jua, lakini matuta ya mchanga yalikuwa palepale, yamejipinda kama mwezi mwandamo. "Mwambie aangalie pembe za matuta," Dadi alisema. "Zielekee nyuma ya bega letu la kulia. Tukizishika hivyo, tutaiona milima."

Wakaenda. Vumbi likatua, changarawe nyeusi iliwaka chini ya nyayo, na kwa mbali maziwa ya uongo yalimetameta na kurudi nyuma kila walipoyasogelea. Kila walipopumzika, Dadi alikunywa funda moja, akaacha kiriba na bakuli juu ya mchanga, kisha akajikongoja hadi nyuma ya tuta ili mkwe anywe kwa heshima yake. Aliporudi alikuta kiriba kimefungwa vizuri, kimewekwa kivulini mwa ngamia wake. Kijana mwema, aliwaza.

Mpaka alipookota bakuli na kuona vumbi ndani yake, kavu, halikuguswa na tone.

Akainua macho. Ngamia wa Sugi alikuwa anatembea bila mtu.

Alimkuta Sugi nyuma kidogo, amelala kifudifudi, kilemba kimefunika uso wote.

"Ngamia, mwambie anywe," Dadi alisema.

Akapiga magoti kando yake.

"Mwambie sikumwoza binti yangu ili awe mjane!"

Sauti ikatoka mchangani, nyembamba kama uzi. "Mwambie mama... maji hayatoshi wawili. Nitamwambia nini mke wangu?"

"Na mimi je? Mimi nitamwambia nini?"

Alikuwa amemsemesha yeye mwenyewe, moja kwa moja. Sugi akavuta kilemba kwa vidole visivyo na nguvu, akakikaza zaidi. Dadi aliona kwamba angekufa hivyohivyo, na adabu zake zote.

Akavua shuka yake kichwani, akaikunja, akajifunga nayo machoni kwa nguvu.

"Sikuoni," alisema. "Fungua mdomo."

Akampapasa. Akakiondoa kilemba, akapitisha vidole kwenye paji la uso lililotokeza juu ya macho kama ukingo wa mwamba, kwenye ndevu chache, kwenye midomo iliyopasuka. Akamdondoshea maji kidogo kidogo, kama anavyonyweshwa mtoto mgonjwa. Vidole vyake vikakuta mashavu yamelowa.

"Usilie," alisema. "Unamwaga maji."

Kisha akamfunika uso, ndipo akafungua macho yake. Akamsaidia kupanda ngamia, akamfunga kwa kamba, akashika hatamu. Kiriba kilikauka kabla milima haijaonekana. Dadi alitembea ulimi umeganda, hadi alipokanyaga mavi ya mbuzi, mabichi, na kusikia wanawake wakigombana kwenye dimbwi la maji miambani. Hajapata kusikia ugomvi mtamu kama ule.

Siku hizi magari huvuka uwanda ule, na askari wa kila upande wanadai karatasi. Dadi, ambaye macho yake yameingia ukungu, bado huukumbuka jinsi ulivyokuwa, mtupu na wao wawili tu.

Na hukumbuka walivyofika. Bintiye alimwekea mtoto mapajani, wanawake wa ukoo wamejaa nyumbani. Dadi alimpapasa mtoto usoni, taratibu, hadi kwenye paji lililotokeza, akatabasamu.

"Baba yake kabisa," alisema.

Wanawake wakatazamana: mama mkwe ameujuaje uso wa mkwe wake? Bintiye alimkazia macho mama yake, kwa muda mrefu, akielewa polepole. Aliinama akambusu mikono yote miwili, kisha akatoka kumpelekea mumewe maziwa.