Mtoto wa Kidole cha Sita

Walikutana mlangoni mwa ukumbi wa taasisi ya chuo kikuu, ile inayochunguza nchi za ng'ambo ya mto, vita vyake na masoko yake. Watu wanasukumana. Mkalimani, gauni la manjano limemkaa barabara, akakanyagwa na mtafiti aliyebeba makaratasi.

"We kaka, mguu wangu si ngazi!"

"Samahani, mrembo. Nikupe wangu ulipize?"

Binti akacheka, na kicheko ndicho kilichomponza. Mwaka haukuisha, kijana ameshazoeleka kwa mama mkwe, na posa ameileta.

"Mkutano mkuu uishe kwanza, mpenzi. Nitakujibu."

Siku ya mkutano mtafiti akapanda jukwaani, suti imenyooka. Binti yumo kwenye kibanda cha vioo, anawafasiria wageni masikioni. Na mkalimani, mjue, hasemi "yule kasema", husema "mimi".

Mtafiti akasoma maneno ya mkimbizi mmoja, jina kalificha kama ilivyo desturi ya kazi yao. Binti akafasiri: "Mimi nilivuka mto na mwanangu mgongoni. Mume wangu nilimwacha ukingoni, mguu umevunjika, yu hai. Mwanangu alizaliwa na kidole cha sita..."

Sauti ikakatika. Akautazama mkono wake, penye kovu la kidole alichokatwa utotoni. Siku zote mama alimwambia baba alikufa kwa homa.

Wageni walipogeuka, kiti kitupu.

Simu iliita mpaka ikachoka. Jioni binti akapokea.

"Mpenzi, naapa, mama yako aliponisimulia aliniambia unajua! Akaniruhusu nisome."

"Na wewe ukashindwa kuniambia hata neno, kwamba leo nasoma habari zenu?"

"Nilidhani kuficha jina kunatosha."

"Kwa wageni kunatosha. Mimi umenifanya niseme kwa kinywa changu kwamba nimemwacha baba."

Mtafiti akalia, wala hakuona haya. "Basi posa yangu imekufa?"

Binti alikuwa anakunja nguo sandukuni. Mama yake kasimama mlangoni, hathubutu kuingia.

"Jana ningekujibu mwenyewe, sikuwa na baba. Leo ninaye. Navuka kumtafuta. Nikimpata, uje upose kwake."

"Na usipompata?"

"Nakupenda. Usiniulize hilo."

Akakata simu, akaketi kitandani.

"Ingia, mama. Niambie ulimwacha wapi."