Daftari la Aruwop

Alhamisi, saa nane na robo mchana, Jasinta alishusha mkoba wa kamba kutoka kigingini, akaingiza mkono, akahesabu: moja, mbili, tatu. Akahesabu tena. Kisha akapiga ukelele uliomfanya mama yake, Hedwiga, aangushe bonge zima la sago, wanga mbichi wa shina la mti, pale ngazini.

"Mama! Daftari la Aruwop halipo!"

Madaftari yalikuwa manne, moja kwa kila kijiji cha Mto Womsin: Kembit, Sawandi, Tumaro, na Aruwop kwao. Miezi mitatu binti alikuwa akipanda na kushuka mto, akiwauliza wazee: maji mnayaitaje? Mbwa je? Kichwa je? Kesho yake saa nne Mwalimu Lukas Ipai, aliyempa kazi hiyo, angefika kwa mtumbwi wa mashine. Jumamosi maneno yote yangesomwa kwa sauti mbele ya vijiji vyote vinne. Lugha zikionekana ndugu, kitatolewa kitabu kimoja cha watoto, darasa litajengwa Aruwop, na Jasinta ndiye atakayefundisha. Daftari likikosekana, Aruwop inafutwa, na kazi ya Jasinta imeishia hapo.

Hedwiga alikuwa askari wa mahakama ya kijiji. Kofia ya kazi alikuwa nayo, lakini kesi zake nyingi zilikuwa za nguruwe walioingia shamba la mtu. Hii ilikuwa ya mwanawe wa pekee. Akavaa kofia.

"Mara ya mwisho uliliona lini?"

"Leo saa mbili asubuhi, kabla hatujaenda kukamua sago."

Basi lilichukuliwa kati ya saa mbili na saa nane. Mkobani tochi ilikuwepo, sabuni ilikuwepo. Mkoba ulikuwa umefungwa vizuri na kurudishwa kigingini, na kwenye kamba yake kulikuwa na alama nyeupe za vidole: chokaa inayotafunwa pamoja na popoo. Hiyo haikumsaidia kitu. Aruwop nzima hutafuna popoo, hata katekista.

Alianza na Pelagia, muuza tumbaku, kwa sababu pale mtoni karatasi ikipotea hutafutwa kwanza kwenye midomo ya wavutaji.

"Pelagia, hii sigara umesokotea nini? Naona mistari."

"Hesabu za mjukuu wangu, dada. Zote alikosa, ndiyo maana zinaungua vibaya. Hizi navuta mwenyewe. Karatasi ya daftari inakwaruza koo, nani atainunua? Watu wanataka gazeti."

Hedwiga alifungua sigara sita. Kweli, hesabu tupu, na zote kosa.

Saa kumi alipiga kasia hadi Sawandi kwa Alois Tumbe, mzee mwenye sauti kubwa aliyesema hadharani kwamba lugha ya Sawandi haina ndugu, na kwamba madaftari hayo ni chakula cha mamba.

"Ulisema utayatupa mtoni, mzee."

"Nilisema! Leo nimeshinda na wanaume kumi na wawili tukivuta gogo la mtumbwi. Waulize, migongo yao itakujibu. Halafu nikuulize, mama kofia: mimi nikitaka kuiua kazi ile nitachukua daftari moja niyaache matatu? Tena nichukue la kwenu, niliache la kwangu?"

Hedwiga alirudi na swali hilo kichwani. Kwa nini moja? Kwa nini lile?

Nyumbani alimkuta kaka yake, Kanut, ameketi ngazini akimliwaza mpwa wake. Kanut alikuwa mcheshi wa kijiji. Hata msibani akiingia yeye, watu huinama kuficha meno.

"Nimetoka kwa Alois," Hedwiga alisema.

Kanut aliruka kama amekanyaga kaa la moto. Binti wa Alois ameolewa na mwanawe, na kwa mila ya mto huo mtu hatajiwi jina la mkwe wake, wala hamtazami usoni. "Yule baba wa mke wa mwanangu? Mwacheni. Hakuchukua."

"Umejuaje?"

"Najua tu, dada. Kwani lazima kila kitu kiwe na maelezo?" Akaaga haraka, popoo yake hata hajaitema.

Kwenye ukuta wa baraza palikuwa na karatasi kubwa ya Jasinta. Haikuwa na maneno. Maneno yalikuwa madaftarini. Maneno ya vijiji viwili yalipofanana alichora kijiti. Moto, maji, mbwa, sago: vijiti vimejaa. Lakini upande wa Aruwop palikuwa na sehemu nyeupe pe.

"Hapa mbona hakuna kitu?"

"Viungo vya mwili, Mama. Wenzetu watatu wanafanana, sisi hatufanani na mtu. Maneno kumi na mawili, hata moja! Nilidhani ndiyo ajabu ya lugha yetu."

Hedwiga alikunja uso. Marehemu mama mkwe wake alikuwa wa Kembit. Miaka kumi alilalamikia magoti na macho kwa lugha ya kwao, na Hedwiga hakuwahi kuhitaji mkalimani.

"Nani alikupa maneno haya?"

"Mjomba Kanut, yote kwa siku moja. Alicheka mpaka popoo ikampalia."

"Unalikumbuka la pua?"

Jasinta alilitamka, kwa heshima na kwa ufasaha.

Hedwiga alimziba mdomo kwa viganja viwili. "Nyamaza! Mwanangu, hujui maana yake?"

"Nitajuaje, Mama? Mlinilea mjini, kwa Kipijini cha sokoni."

Hapo Hedwiga alikaa chini. Hasira aliyokuwa amemwandalia mwizi ilimgeukia mwenyewe kidogo.

Ijumaa, saa nne na nusu, barazani waliketi Mwalimu Lukas, Alois aliyeitwa kwa amri ya kofia, na Kanut, aliyekaa ngazi ya chini, mbali na mkwe wake, amempa mgongo.

"Daftari halikupatikana," Hedwiga alisema.

Mwalimu Lukas alishusha miwani. "Basi, mama, nasikitika. Aruwop naiondoa."

"Subiri, Mwalimu. Binti yangu ana kichwa kizuri. Maneno anayakumbuka, atakusomea sasa hivi, hapa hapa, wote tukisikia. Jasinta, simama. Tuanze na pua."

Jasinta alisimama, akakohoa kidogo, akafungua mdomo.

"Usiseme!" Kanut alikuwa ameshapanda ngazi, mikono juu. "Mpwa wangu, nakuomba! Usiseme mbele ya huyu!"

"Mbele ya nani, kaka?" Hedwiga aliuliza taratibu. "Na kwa nini? Si ni pua tu?"

Kanut alishika kichwa. Daftari, alisema, limefichwa chini ya samaki wake wa kukausha. "Ilikuwa mzaha! Aliniuliza pua nikampa tusi, akaandika! Akasema asante, Mjomba. Nikampa kubwa zaidi, akaniuliza herufi zake. Ningeachaje? Nilijua mama yake akiyaona atayafuta, tutacheka, yaishe. Juzi nikasikia yatasomwa Jumamosi, mkwe wangu amekaa mbele, jina langu limeandikwa juu. Jana nikapanda nikalichukua. Yangesomwa, ningehama mto huu!"

 Mabega ya Alois yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka hadi ndege wakaruka.

"Sikusikia neno lolote, kwa hiyo aibu hainihusu," alisema alipopata pumzi. "Lakini nimeitwa mwizi tangu jana. Hilo fidia yake ni nguruwe, mkwe. Tena mnene."

"Mnene," Kanut aliitikia, bado amempa mgongo.

"Na maneno ya kweli atayatoa nani?" Mwalimu Lukas aliuliza.

"Mimi," Hedwiga alisema. Akavua kofia. "Kanut alitia uchafu, lakini tundu nililiacha mimi. Niliogopa mtoto atachekwa mjini, nikamnyima lugha yangu. Ndiyo maana mtu aliweza kumwekea chochote mkononi akashukuru. Wanawake wa mto huu nitawaambia kesho, kabla ya kusomwa neno hata moja: msifanye kama mimi."

Alimketisha binti yake mbele yake, magoti kwa magoti. Akamgusa kichwa, akasema neno. Jicho. Sikio. Tumbo. Jasinta alirudia moja moja, na Mwalimu Lukas akachora vijiti ukutani: maneno kumi na moja, kumi yamefanana na ya wenzao. Alois alihesabu mwenyewe kwa kidole, akaguna kwamba ndugu hawachaguliwi.

"Limebaki moja, Mama," Jasinta alisema. "Pua."

Hedwiga aliinua kidole kuigusa, na Kanut, pale ngazini, akaziba masikio.